Mwongozo kamili: kufufua ogani ya umeme ya zamani, kuanzia plagi mpaka nota ya mwisho

Ogani za umeme za miaka ya 60 na 70 zinatupwa sana wakati nyingi ugonjwa wake ni mdogo tu, kontakti chafu, kapasita imekauka, balbu ya pedali imeungua, mtu anaona nota kumi hazilii anasema kinanda kimekufa. Hakijafa. Uzuri wa hizi mashine ni kwamba zimejengwa kwa kurudiarudia, saketi ileile imepigwa nakala mara 12, kwahiyo ukijua kusoma mpangilio wa nota zinazokosekana kinanda chenyewe kinakupeleka mpaka kwenye bodi yenye shida hata kabla hujashika bisibisi. Mwongozo wote huu umesimama hapo: sikiliza, andika, ndo ufungue. Wale wa kununua mfuko wa kapasita na kubadilisha zote siku ya kwanza nawaomba msubiri, ukibadilisha vitu 80 kwa mpigo halafu kinanda kikawa kibaya zaidi utajuaje ni kipi kati ya hivyo 80 kimekuharibia?

Jua kwanza una ogani ya aina gani

Kuna familia tatu na kila moja inaumwa kivyake.

Ya kwanza ni zile za magurudumu, Hammond iliyotoka 1935 na ndugu zake. Hizi kiukweli ni nusu mashine nusu umeme, kuna mota inazungusha magurudumu madogo ya chuma yenye meno, 91 kwenye modeli kubwa, mbele ya koili zenye sumaku. Ya pili ni zenye osileta 12 (saketi zinazozalisha sauti yenyewe), moja kwa kila nota ya oktavi ya juu kabisa, halafu kila osileta inafuatwa na mnyororo wa divaida zinazogawanya kwa mbili kwa mbili kushuka chini. Vox Continental ya 1962 na Farfisa za wakati huo ziko hivyo, bodi 12, kila bodi nota yake. Ya tatu ilikuja miaka ya 70, osileta 12 zikaondolewa ikawekwa saa moja tu (saketi ya kutoa mapigo ya umeme) ya kasi kubwa inayolisha chipu moja, na chipu hiyo ndo inatoa nota zote 12 za juu. MK50240 ni mfano maarufu, inakula saa ya kama megahezi 2, inaigawa kwa 478 kupata C moja, kwa 239 kupata C ya oktavi moja juu yake, na nota nyingine zote zina namba zao katikati hapo.

Kama hujui yako ni ipi fungua mgongo (plagi ikiwa nje!) uangalie. Bodi 12 zinazofanana zimesimama kama vitabu kwenye rafu, hiyo ni familia ya pili. Mota na boksi refu la chuma lenye nyuzi za kupitisha oili, familia ya kwanza. Bodi moja au mbili kubwa zimejaa chipu nyeusi, ya tatu.

Usalama, na hapa sibembelezi mtu

Ogani yenye valvu, zile taa za kioo kama za redio za zamani, ina volti 250 hadi 400 ndani yake na kapasita zinaweza kuushika huo umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Chomoa, subiri, halafu pima kwa multimita kwenye kapasita kubwa za pawa. Kama bado kuna umeme utoe taratibu kupitia rizista ya kilo-omu 2.2 yenye uwezo wa wati 5 au zaidi, iliyoshikwa kwa klipu zenye plastiki, usipige shoti kwa bisibisi maana unaumiza kapasita na cheche inaweza kukurukia. Pima tena mpaka usome chini ya volti 10. Mkono mmoja uwe nyuma au mfukoni unapopima kitu kilichowashwa, saa na pete vua.

Ogani za transista hazitishi kama hizo, huku kwenye bodi ni volti 10 hadi 30 hivi lakini swichi ya kuwashia na upande wa kwanza wa transfoma bado ni umeme wa ukutani uleule unaoua. Waya za zamani ganda lake la mpira linakauka na kuvunjikavunjika, ukiligusa linabaki mkononi, waya wa hivyo unabadilishwa kabla ya kitu kingine chochote. Na angalia waya wa ethi kama upo kweli na umeshika kwenye chasisi.

Halafu volti. Ogani ya Marekani ya volti 117 ukiichomeka kwenye 230 umeiua. Tafuta kibao cha nyuma kinachosema volti ngapi na hezi ngapi, tumia transfoma ya kushusha yenye uwezo unaotosha. Kwa Hammond kuna jambo la ziada ambalo transfoma haliwezi, mota yake inafuata hezi za umeme, ogani ya hezi 60 ukiiwasha kwenye hezi 50 kila kitu kinashuka kwa zaidi kidogo ya nusu-toni tatu, inalia vizuri ila hailingani na mtu yeyote. Hapo inahitajika kifaa cha kubadilisha hezi, sio transfoma.

Kuwasha mara ya kwanza baada ya miaka mingi

Usiichomeke moja kwa moja ukutani. Tengeneza kipimio cha balbu: balbu ya nyuzi (sio ya LED) ya wati 60 hadi 100 imeungwa kwa mfululizo kwenye waya mmoja wa umeme unaokwenda kwenye ogani. Ukiwasha, balbu ikiwaka kwa nguvu kidogo halafu ikafifia, vizuri, hakuna shoti kubwa. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote zima mara moja, kuna shoti ndani, mara nyingi ni daiodi za pawa au kapasita kubwa ya kuchujia. Ogani za valvu zinavuta umeme zaidi hivyo balbu itabaki na mwanga fulani, hiyo ni kawaida. Hammond ya mota usiitegemee hii njia, mota inahitaji nguvu kamili kuanza.

Kabla ya hapo kagua kwa macho. Zile kapasita ndogo za karatasi zenye ganda la plastiki kama kioo cha njano zinazokaa kwenye njia ya umeme wa ukutani, ukiona ganda limechanika mistari mistari toa haraka weka mpya ya daraja lilelile la usalama (X au Y) kama ya zamani, la sivyo siku moja zitalipuka na kujaza chumba moshi. Angalia viota vya panya, mende, kutu, na kama ogani ina kumbukumbu ya kuhifadhi sauti angalia betri ndogo kwenye bodi, zikivuja zinakula njia za shaba.

Chora ramani ya nota, hii ndo kazi yenyewe

Chukua karatasi, chora vibonyezo vyote, na safu kwa kila stopu (swichi ya kuchagua sauti): futi 16, futi 8, futi 4 na nyinginezo zilizopo, futi 8 ni sauti ya kawaida, 16 iko oktavi moja chini, 4 oktavi moja juu. Zima vibrato, rivabu, mdundo na kila pambo. Washa stopu moja tu, piga kibonyezo kimoja kimoja kuanzia chini mpaka juu, andika: inalia, hailii, dhaifu, inakwaruza, imetoka tuni, inalia yenyewe. Rudia kwa kila stopu na kwa kibodi ya pili. Inachosha, najua, ila mtu akiniuliza ni saa gani muhimu kuliko zote kwenye ukarabati wa ogani ni hiyo.

Sasa soma ulichoandika. C inakosekana kwenye oktavi zote, stopu zote, kibodi zote mbili? Chanzo cha C kimekufa, yaani osileta yake, au kwenye familia ya tatu ule mguu wa chipu unaotoa C. C za juu zinalia halafu kuanzia oktavi fulani kushuka chini kimya? Divaida imekufa hapo hapo mnyororo unapokatika, zilizo chini yake ni nzima ila hazina cha kugawanya. C ya chini inalia lakini kwa sauti ya C ya juu yake, divaida inapitisha bila kugawanya.

Kibonyezo kimoja tu ndo hakilii, hapo watu wengi wanachanganyikiwa, kwahiyo nifafanue taratibu. Chini ya kila kibonyezo kuna kontakti kadhaa, moja kwa kila futi. Na sauti moja ya jenereta inatumika na vibonyezo tofauti, mfano ile C ya hezi 261.6, ya katikati, inatoka ukipiga C ya katikati kwenye futi 8, pia ukipiga C ya oktavi moja chini kwenye futi 4, pia C ya oktavi moja juu kwenye futi 16. Basi jaribu zote tatu. Zote tatu zikiwa kimya, sauti yenyewe haipo, tatizo liko kwenye jenereta. Kimya ni kwenye futi 8 tu na hizo nyingine zinalia, tatizo ni kontakti ya futi 8 ya kile kibonyezo kimoja, na jenereta usiiguse kabisa. Hilo jaribio moja linaokoa siku nzima ya kuhangaika na bodi ambayo haina kosa lolote.

Mengine ni mepesi zaidi. Stopu nzima haipo ila nyingine zipo: swichi ya stopu au kichujio chake. Kibodi nzima haipo: waya au amplifaya ndogo ya hiyo kibodi. Nota moja imetoka tuni kwenye oktavi zote: osileta yake, na hii inakuambia pia ogani yako sio ya chipu moja, kwasababu kwenye chipu moja nota zote zinapanda na kushuka pamoja. Zote zimetoka tuni pamoja: pawa au saa kuu. Tuni inashuka ukibonyeza nota nyingi kwa pamoja: pawa imechoka.

Kimya kabisa? Anzia kwenye pedali

Taa inawaka, spika inatoa mvumo mdogo, lakini hakuna nota hata moja. Kabla ya kufungua amplifaya angalia pedali ya sauti. Ogani nyingi hazina noba kwenye pedali, zina balbu ndogo na kipande kinachohisi mwanga, ukikanyaga pazia linafunguka mwanga unaingia na sauti inapanda. Balbu ikiungua ogani nzima inanyamaza. Fungua uangalie kama inawaka, badilisha kwa balbu ya volti na ampea zilezile.

Pedali ikiwa nzima tafuta sauti inapopotelea. Chukua amplifaya ndogo yenye spika, waya wake wa kupimia uunge kupitia kapasita ya maikrofaradi 0.1 (kwenye ogani ya valvu iwe ya volti 600), klipu ya pili kwenye ethi ya ogani, halafu gusa hatua kwa hatua kutoka jenereta, kwenye vichujio, kwenye amplifaya ya awali, mpaka spika. Sehemu ya mwisho unaposikia sauti na ya kwanza unapokosa, katikati yake ndo penye shida.

Pawa ipimwe kabla ya kulaumu chochote

Pima kila volti iliyoandikwa kwenye mchoro wa saketi. Mchoro tafuta kwa bidii, mara nyingi umebandikwa ndani ya kabati lenyewe au uko kwenye kitabu cha fundi cha hiyo modeli.

Mngurumo mzito kwenye spika usiobadilika hata ukifunga pedali mara nyingi ni kapasita za kuchujia zimekauka. Kama umeme wako ni hezi 50 mngurumo wa kapasita unakuwa wa hezi 100, kwenye 60 unakuwa 120. Ukisikia wa chini zaidi, wa hezi 50 au 60 zenyewe, shuku ethi iliyokatika au waya wa sauti uliopoteza ganda lake. Weka multimita kwenye AC upime juu ya njia ya DC, pawa iliyotulia itakupa milivolti chache, ukiona mamia ya milivolti umepata mgonjwa. Multimita za bei ndogo zingine zinadanganyika na DC hapo, weka kapasita ndogo kwa mfululizo kwenye waya wa kupimia.

Kapasita mpya iwe na volti sawa au zaidi, maikrofaradi zilezile au karibu sana, daraja la nyuzi joto 105. Na hapa angalia sana: ogani nyingi za transista za mwanzo, zile za jemani (germaniamu, sio silikoni), zina ethi upande wa chanya na njia ya pawa ni hasi. Kapasita ndani yake zimegeuka kinyume na ulivyozoea. Piga picha kabla ya kutoa, weka alama, usifuate mazoea.

Kontakti

Hapa ndo nota nyingi zinarudi. Kontakti za ogani ni waya mwembamba sana unaogusa fimbo ndefu yenye madini mazuri, fedha au paladiamu, na fedha inafanya weusi. USITUMIE msasa, unakwangua ule utando wa madini na baada ya hapo kontakti haiponi tena. Kwanza bonyeza kibonyezo husika haraka haraka mara hamsini hivi, mara nyingi inatosha. Ikikataa, tumia kitambaa laini au kipande cha karatasi ngumu chenye tone la alkoholi ya isopropili, pitisha katikati ya waya na fimbo taratibu. Spirei ya kontakti weka kwenye kipande cha pamba kwanza, sio kumwagia ndani, inakwenda kulainisha sifongo na kukusanya vumbi. Waya uliopinda unyooshe kwa kibano, ulinganishe na jirani zake, na kama nota inalia yenyewe bila kuguswa angalia kwanza hapa kabla ya kutuhumu transista.

Sifongo na felti za chini ya vibonyezo zikiwa zimegeuka unga au gundi, badilisha. Vibonyezo vitakaa sawa na kontakti zitagusa kwa wakati wake.

Bodi za jenereta

Sasa ramani yako imesema G# imekufa kuanzia oktavi ya tatu kushuka. Zima, chomoa ile bodi, safisha meno yake ya kuchomekea, rudisha, washa. Inashangaza mara ngapi hiyo pekee inatosha. Ikishindikana, nakala 11 nzima ziko hapohapo pembeni: pima volti kwenye kila mguu wa transista ya divaida iliyokufa, halafu pima sehemu ileile kwenye bodi ya jirani inayofanya kazi. Palipo na tofauti ndo penye mwizi. Kati ya besi na emita (miguu miwili ya transista) transista ya silikoni inasoma kama volti 0.6 hadi 0.7, ya jemani 0.2 hadi 0.3.

Jemani haipendi joto, ukilehemu shika mguu wake kwa kibano cha chuma kati ya bodi na transista ili joto liishie hapo, pasi ya lehemu iguse sekunde chache uondoe. Njia za shaba za bodi za zamani zinabanduka kirahisi, usivute kitu ambacho lehemu haijayeyuka yote.

Familia ya tatu: anza na pawa ya chipu, kisha angalia kama saa inaingia (osiloskopu inarahisisha sana, ila kidude cha kusikilizia hakitasikia megahezi 2, hiyo kumbuka), kisha miguu inayotoa nota mmoja mmoja. Chipu za divaida kama CD4024 zinapatikana bila shida. Ile chipu kuu ya nota 12 ni adimu, ila siku hizi kuna mbadala zilizotengenezwa kwa maikrokontrola zinazokaa kwenye soketi ileile. Weka soketi, usilehemu chipu moja kwa moja. Na jitoe umeme tuli mwilini kwa kugusa chasisi iliyoungwa ethi kabla hujazishika.

Tatizo linalokuja na kuondoka: ogani ikiwa imewashwa gusagusa bodi kwa kijiti kikavu cha mbao, sauti ikikatika umepata lehemu iliyopasuka. Inayokatika ikipata joto, tumia mashine ya kukaushia nywele sehemu ndogo ndogo mpaka uione.

Hammond kwa kifupi

Inayokataa kuzunguka baada ya kukaa miaka kawaida imekauka oili. Tumia oili nyepesi maalum ya hizo jenereta, matone kwenye vile vikombe, yashuke kwenye nyuzi za pamba yenyewe, inaweza kuchukua siku kadhaa. Spirei za kulainisha kutu usiweke kabisa, zinaacha gundi ndani. Kwa modeli zenye swichi mbili shikilia ya kuanzishia kama sekunde 8, washa ya kuendeshea ukiwa bado umeshikilia ile ya kwanza, hesabu sekunde 4 uachie. Baada ya hapo oili mara moja kwa mwaka.

Tuni

Hii ni ya mwisho, baada ya pawa kuwa sawa, na ogani iwe imewaka nusu saa. Kwenye osileta 12 unatuni nota 12 tu, oktavi za chini zinafuata zenyewe kwasababu zinagawanywa. Tumia programu ya tuni kwenye simu, A iwe 440, vibrato imezimwa. Kiini cha koili zungusha kwa bisibisi ya plastiki inayoingia sawasawa, kidogo kidogo, ya chuma inabadilisha tuni ukiwa umeishika na pia inavunja kiini. Kikigoma usilazimishe, kipashe joto kidogo kwanza maana mara nyingi kimezibwa na nta. Ya chipu moja ina skrubu moja, unamaliza kwa dakika.

Kisha iache imewaka saa tatu nne, pima tena volti zote, gusa transfoma kwa nyuma ya mkono ukiwa umezima, iwe ya uvuguvugu sio ya kuunguza. Andika zile volti kwenye karatasi pamoja na kila ulichobadilisha, ibandike ndani ya kabati, fundi atakayefuata aikute. Na iwashwe walau mara moja kwa wiki vibonyezo vyote vipigwe, kontakti zinazotumika hazifanyi weusi haraka.